Timu ya kijiji chetu ilizaliwa mwaka gani? Fundi wa jezi anasubiri jibu

#1 Mlinda Mlango

Wakuu, salaam.

Mimi ni kipa wa akiba na katibu wa timu ya kijiji chetu, kando ya reli, kati ya Muheza na Korogwe. Tumeazima jezi za shule ya msingi kwa miaka mingi, na safari hii tumechangishana tukafikisha hela ya seti nzima. Fundi wa Tanga mjini anayechapa nembo akauliza swali moja: chini ya nembo niweke mwaka gani? Nikamwomba siku mbili. Leo ni wiki ya tatu.

Kwenye kikao kila mzee alikuja na wake. Mmoja anasema timu ililetwa na keya, askari wa jeshi la Mwingereza, waliorudi kutoka Burma. Wa pili anasema ni kazi ya watoto wa misheni. Wa tatu, aliyezaliwa kambini, anasema bila shamba la mkonge tusingekuwa na timu. Mwenyekiti wetu wa sasa ana karatasi ya usajili, na kwake yeye historia inaanzia kwenye mhuri.

Ushahidi tulio nao ni picha moja. Wachezaji kumi na mmoja, watano wamechuchumaa na sita wamesimama, watatu tu ndio wenye viatu. Pembeni kushoto kuna mtoto ameshika kapu, uso wake umeliwa na mchwa. Nyuma ya picha hakuna hata herufi moja.

Jina la timu naliacha kwa makusudi. Limebadilika mara tatu na kila jina lina wenyewe, nikitaja moja tu ugomvi utahamia humu. Naomba wenye kumbukumbu za timu za ukanda ule, au wanaojua kusoma picha za zamani, wanisaidie. Sitaki mwaka wa kubahatisha ukae kifuani mwa vijana.

#2 Tela

Naunga tela. Mkuu ungeweka na picha yenyewe.

#3 Mlinda Mlango

Mwenye nayo ni mzee, amekataa isipigwe picha na simu. Anasema ikishaingia humo si yake tena. Nimeheshimu. Ulizeni, nitaeleza ninachokiona.

#4 Mkata Katani

Mzee wa tatu yuko sahihi.

Marehemu baba alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Ubena. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku thelathini za kazi. Anaamka usiku wa manane, anakata ngwe yake, jua likiwa la utosi ameshapanga mafungu na yuko huru. Mpira ulizaliwa saa hizo za mchana. Kambi moja ina Wabena, Waha, Wamakonde, Wanyasa, watu hawasikilizani lugha, Kiswahili chenyewe wengine wanajifunzia hapo hapo kambini. Utawakutanisha na nini bila rungu? Ngoma kila kabila lilikuwa na yake. Mpira ulikuwa wa wote.

Tena wenye mashamba walikuwa na sababu zao. Watu walikuwa wanagombaniwa, ndiyo maana mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi ya kwenda kuandikisha vibarua huko bara mbali. Mtu akishafika, shida ni kumfanya asitoroke. Shamba lenye duka, kilabu na uwanja lilibaki na watu wake. Kwenye shamba la baba mipira ilitoka ofisini, na timu ikishinda siku ya Jumapili, Jumatatu karani alikuwa na uso mwingine kabisa.

Baba alikuwa beki. Alisema siku ya mechi ndiyo siku pekee ambayo mnyapara aliitwa jina lake na watu wakampiga kikumbo wakaendelea na maisha.

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, hakuna aliyetufikia duniani. Fikirieni ni vijana wangapi walikuwa kwenye yale makambi. Hapo ndipo timu zenu zilipotoka.

#5 Mjukuu wa Msalabani

Ndugu yangu Mkata Katani, pole kwa mzee wako, lakini shamba lilikuta mpira unachezwa.

Mkonge uliingia nchini 1893. Wakati huo Magila, karibu na Muheza, ilishakuwa misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana, kwa miaka mingi. Walimu wake wengi walisomea chuo cha Kiungani, Unguja, na vijana wa Kiungani walikuwa wakipiga mpira kabla Mjerumani hajaushika mwambao huu. Mwalimu akipangiwa kijiji anakuja na ubao, kengele na mpira. Babu yangu alikuwa mwalimu wa aina hiyo. Mpira ulikaa kwenye sanduku moja na vitabu vya sala, na funguo alikuwa nayo yeye peke yake. Ukikosa katekisimu, hugusi mpira.

Mleta uzi, mwaka wenu utafute kwenye shule ya kwanza ya kijiji. Korona, mashine ya kusindika mkonge, ilikuja baadaye.

#6 Mkata Katani

Kupiga mpira na kuwa na timu ni mambo mawili. Watoto wanaocheza baada ya vipindi hawajawa klabu. Klabu ina nahodha, ina mweka hazina anayedaiwa, ina kijiji cha pili wasichopenda kufungwa nacho.

#7 Mjukuu wa Msalabani

Na sisi tulikuwa na kijiji cha pili. Misheni ndogo ng'ambo ya mto. Mpaka leo hatujasahau.

#8 Kipenga cha Zamani

Nimechezesha daraja la nne na la tatu mkoani Tanga kwa miaka mingi, nimestaafu na magoti yangu. Tuanze na picha, maneno ya wazee tutayarudia.

Mlinda Mlango, niambie: mpira una kamba? Jezi zina kola? Zina namba kifuani? Goli linaonekana, na lina wavu? Nyuma yao kuna nini?

#9 Mlinda Mlango

Shikamoo mzee wangu. Mpira una kamba, unaonekana mdomo wake kabisa, nahodha kauweka chini ya mguu. Jezi zina kola nyeupe, rangi yenyewe huwezi kujua, ni nyeusi na nyeupe. Namba hakuna. Goli halionekani. Nyuma yao kuna behewa la mizigo.

#10 Kipenga cha Zamani

Marahaba.

Kwa vijana ambao hawajauona: mpira wa kamba ulikuwa ngozi tupu nje na blada ndani. Unapuliza, unafunga shingo ya blada kwa uzi, unaikunja ndani, halafu unashona mdomo kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Ukipiga kichwa upande wa kamba unarudi nyumbani na alama. Ukilowa mvua unakuwa kama jiwe la kusagia.

Lakini usiuamini kwa umri. Mijini mpira ule ulipotea mapema, vijijini fundi viatu aliushona, akaubandika, akaubadilisha blada mpaka ngozi ikawa ya kiraka juu ya kiraka. Nimekuta mpira wa kamba kwenye mechi ya kirafiki wakati mjini watu wameshausahau. Hiyo si tarehe.

Jezi bila namba nayo si tarehe. Hilo behewa ndilo nalitaka. Limeandikwa nini?

#11 Mlinda Mlango

Naona E, halafu A, halafu R. Baada ya hapo kuna kichwa cha nahodha.

#12 Digo wa Duga

Nahodha angeinama kidogo tu, uzi huu usingekuwepo 😂

#13 Behewa la Tatu

Nimesubiri uzi kama huu. Mzee wangu alikuwa mtu wa reli, nimekulia kwenye nyumba za shirika.

Reli ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe 1902, kazi ya Mjerumani. Baada ya vita ya kwanza Mwingereza akaiita Tanganyika Railways. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa zikawa East African Railways and Harbours, yaani EAR&H. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tukapata TRC, shirika letu la reli.

Kwa hiyo picha yenu haiwezi kuwa ya kabla ya 1948. Kama nyuma ya kichwa cha nahodha kuna "&H", basi ni kabla ya 1969. Lakini mabehewa mengi yaliandikwa EAR tu, hata enzi za bandari na reli kuwa pamoja. Halafu Jumuiya ilipokufa hakuna aliyekimbia na brashi siku hiyo hiyo kufuta maandishi. Nimeyaona yale maandishi kwa macho yangu, yamefifia, nikiwa mtoto wa miaka ya themanini.

Unabaki na kati ya 1948 na miaka ya themanini mwanzoni.

#14 Tela

Hiyo ni kama kusema mtu kazaliwa kati ya Mwarabu na simu ya mkononi.

#15 Kijukuu cha Keya

Picha ni ya picha tu. Timu inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko picha yake, kama vile mimi nilivyokuwa na miaka kumi na tisa kabla sijapigwa picha ya kwanza.

Nasimama na mzee wa kwanza. Babu alikuwa keya, alikwenda Burma 1944. Jeshini walifundishwa kwata na walicheza mpira, kikosi kwa kikosi. Waliporudi walikuwa na vitu viwili ambavyo kijiji hakikuwa navyo: fedha za kuagwa na buti. Babu alisema walipigilia vipande vya ngozi chini ya buti za jeshi zikawa daluga. Wale watatu wenye viatu kwenye picha yenu, tazama vizuri, naamini ni buti za jeshi.

Wao ndio walileta utaratibu. Mazoezi saa kumi, asiyefika analipa. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakimbilia mpira kama kuku wanakimbilia mahindi. Na walikuwa wazuri, kuna mmoja alifikia kuchezea Tanganyika kwenye Kombe la Gossage. Mwaka ule ule waliorudi walipanda treni kwenda Dar es Salaam kucheza mechi ya kirafiki. Walilala ndani ya behewa, wakashuka asubuhi, wakacheza jioni.

#16 Behewa la Tatu

Mkuu, yote sawa ila treni. Reli ya Tanga na reli ya kati hazikuwa zimeunganika. Kipande cha Mnyuzi hadi Ruvu kilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo ukitaka kwenda Dar kwa treni kutoka Muheza hufiki. Unashuka Tanga unapanda meli, au unakwenda kwa gari.

Kwa hiyo safari hiyo, kama ilikuwa ya treni, ni ya 1963 au baadaye. Wakati huo keya wa Burma alikuwa mtu mzima.

#17 Kipenga cha Zamani

Kuhusu Gossage: kombe lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda, likiwa la kampuni ya sabuni. Tanganyika iliingia 1945. Kwa hiyo keya kucheza Gossage baada ya vita inawezekana kwa miaka. Kama alicheza kweli ni jambo lingine. Kila kijiji nilichochezesha Tanga kilikuwa na mtu wake aliyecheza Gossage.

#18 Kijukuu cha Keya

Behewa la Tatu, umenifundisha kitu. Sikulijua hilo la Mnyuzi. Lakini babu hakuwa mtu wa kutunga. Yawezekana nimeunganisha safari mbili, moja yake na moja ya baba yangu, maana wote walinisimulia jikoni hapo hapo. Baba alicheza timu hiyo hiyo. Ya treni naiondoa kwa babu. Ya buti siiondoi.

#19 Tarumbeta

Mnasahau beni, ngoma za mashindano za kuiga bendi za jeshi.

Baada ya vita ya kwanza vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, zilikuwa zimeenea Tanganyika nzima, na Tanga ilikuwa moto. Zilikuwa na vyeo vya kizungu, kingi, jenerali, daktari, zilikuwa na sare, na ushindani wa mtaa na mtaa mpaka watu wanauza mbuzi ili wenzao wasiwapite kwa pilau. Tazama timu yoyote ya kijiji: mlezi, mwenyekiti, mweka hazina, sare, kijiji hasimu. Mimi naamini watu waliacha tarumbeta wakashika mpira, lakini vyama vilikuwa vile vile. Hata huko mijini, timu nyingi zilianza kama vyama vya watu waliokuwa tayari wanazikana na kuchangiana harusi.

Msitafute siku mpira ulipofika. Tafuteni chama kilichokuwepo kabla.

#20 Mkata Katani

Hiyo ya beni nimeipenda, na hata kambini ilikuwepo. Lakini anayebisha kwamba mipira ilitoka ofisini aniambie kijiji kilinunua mpira kwa hela ipi.

#21 Mama wa Jezi

Kwa hela ya wanawake, baba.

Nimesoma kuanzia juu, nimeona misheni, shamba, keya, reli, beni. Hamjamtaja hata mtu mmoja aliyefua hizo jezi.

Nimezaliwa Muheza. Mama yangu alikuwa na cherehani ya mkono, ya tatu kwa kijiji kizima. Jezi za kwanza za timu yetu (si ya mleta uzi, ni ya jirani yao, tumefungana sana) hazikutoka ofisini wala misheni. Zilikuwa za amerikani, kile kitambaa cha pamba. Mama na wenzake walikata, wakashona, wakazitia rangi ya kijani kwenye sufuria la shughuli, lile la kupikia pilau msibani. Mechi ya kwanza mvua ikanyesha. Wachezaji wakatoka uwanjani kijani kuanzia shingoni mpaka magotini, na sufuria likasutwa mwaka mzima maana kila wali ukipikwa watu wanauangalia rangi.

Fedha ilitoka kwenye machungwa na mihogo. Kila mama alitoa debe moja msimu wa machungwa. Mpira ulinunuliwa Tanga, ukaletwa kwa treni ukiwa umefungwa kwenye kanga ili watoto wasiuone njiani.

Tena nauliza: yule mtoto mwenye kapu kwenye picha amevaa nini? Hakuna mtu aliyeuliza.

#22 Kipenga cha Zamani

Mama, umetushika pabaya. Mimi nimeuliza mpaka kola.

Na ni kweli, machungwa ya mapumziko ukanda ule yalikuwa kama sheria ya kumi na nane ya mpira. Refa anapewa la kwanza. Nikila la wenyeji, wageni wananitazama kipindi cha pili kizima.

#23 Nipo Sheffield

Habari za huko nyumbani. Nimezaliwa Hale, naishi Sheffield, Uingereza, na uzi huu umenigusa kwa sababu hata hapa hawajamaliza mambo haya.

Sheffield FC ndiyo inayotambuliwa kuwa klabu kongwe duniani, 1857. Ya pili ni Hallam, 1860, kutoka kijiji kilichokuwa nje ya mji, na uwanja wao wa Sandygate upo mpaka leo umelala kwenye mteremko. Nimekaa pale, kona moja iko juu ya nyingine. Ni timu ndogo, watu mia chache, chai kwenye vikombe vya karatasi. Mwaka 1867 Hallam walishinda Kombe la Youdan, halafu kombe lenyewe likapotea kwa miaka mingi mno, mpaka likaonekana kwa muuza vitu vya kale mwaka 1997, wakalinunua.

Kuna na Cray Wanderers, kusini mashariki mwa London. Nao wanaandika 1860, na masimulizi yao ni kwamba timu ilianzishwa na vibarua waliokuwa wanajenga reli kupita kijijini. Reli na vibarua, kama ninyi kabisa.

Nilichokiona ni kwamba mwaka ulioandikwa kwenye nembo ulichaguliwa na mtu. Wajukuu wakaukuta, wakaukubali.

#24 Mjukuu wa Msalabani

Ahsante Nipo Sheffield. Lakini sisi si lazima tuchague, sisi tuna vitabu vya misheni.

#25 Mkata Katani

Vinavyotaja timu ya kijiji hiki?

#26 Mjukuu wa Msalabani

Vinavyotaja shule.

#27 Mhuri wa Kijiji

Namtetea mwenyekiti kidogo kwa sababu mmemwacha peke yake.

Miaka ya 1973 mpaka 1976 watu walihamishwa kwenda vijijini kwa operesheni. Kijiji cha mleta uzi kama kilivyo leo, na mipaka yake na jina lake, kisheria hakikuwepo kabla ya sheria ya vijiji ya 1975. Vitongoji vitatu vinne vilikusanywa kwenye barabara moja. Kila kitongoji kikaja na vijana wake, labda na timu yake. Timu ya "kijiji" itakuwaje kongwe kuliko kijiji?

Usajili nao si kitu cha kudharau. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Bila kusajiliwa hupati ligi ya wilaya, unabaki na mechi za kirafiki na kombe la mbuzi. Yule aliyetembea mpaka Muheza na karatasi, akarudishwa, akaenda tena, huyo ndiye aliyeifanya timu iwe timu.

#28 Mlinda Mlango

Mhuri wa Kijiji, hili umelisema vizuri na mwenyekiti nitamsomea. Jina letu la pili lilikuja hapo hapo, vitongoji vilipounganishwa, na ndiyo maana ubishi wetu ni mkali. Wazee wa kitongoji cha juu wanaona tukiandika mwaka wa zamani tumeandika wa kambini, wao wamefutwa. Wa kambini wanaona tukiandika wa usajili tumefuta baba zao ambao hata makaburi yao hayana majina.

Mkata Katani, hilo la makaburi nadhani unalijua.

#29 Mkata Katani

Nalijua. Baba alizikwa kambini, mkonge umeota juu. Shamba lilipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na bei ikiwa imeanguka kwa sababu ya nailoni, kambi ilibomoka taratibu. Watu waliobaki hawakuwa na kwao pa kurudi. Uwanja ulibaki. Kwetu uwanja ndio jengo pekee la kambi ambalo halikuezuliwa bati.

Ndiyo maana nang'ang'ania. Naomba mnielewe.

#30 Mjukuu wa Msalabani

Tumekuelewa ndugu. Pole.

#31 Digo wa Duga

Wakuu tusilie. Nani anakumbuka mamluki? Sisi kwetu tuliwahi kufungwa na kijiji chenye watu mia mbili, halafu tukagundua winga wao tumemwona wiki mbili kabla akicheza Mkwakwani, uwanja wa Tanga mjini.

#32 Kipenga cha Zamani

Mamluki nimewachezesha sana. Fainali ya ng'ombe, timu inaleta watu sita kutoka mjini, wamelala kwa mwenyekiti, wanaitwa majina ya watoto wa kijiji waliokwenda Dar. Unamuuliza jina, anamtazama nahodha kwanza. Nilikuwa namuuliza jina la mama yake badala ya lake. Hapo wengi walikwama.

Na kamati za ufundi, zile za uganga, zilikuwepo. Timu inakataa kupita njia ya kuingilia uwanjani, inapita kwenye shamba la mihogo la watu, mwenye shamba anadai fidia, mechi inachelewa saa nzima. Ripoti niliandika "kuchelewa kwa sababu za kilimo".

#33 Wagosi Damu

Mkwakwani umetajwa, basi heshima kwa Coastal Union ya Tanga, 1948, mabingwa wa Tanzania wa 1988. Wagosi wa Kaya hatubishani mwaka.

#34 Kimanumanu

African Sports, nayo ya Tanga, 1936. Salimia kaka yako ukipita.

#35 Wagosi Damu

😂 Nimesalimia. Lakini ona, wote wawili tuna mwaka mmoja mmoja na hakuna kikao.

#36 Kimanumanu

Kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuandika. Mjini karani alikuwa mchezaji. Vijijini mchezaji alikuwa mkulima, kumbukumbu ziko kichwani, na kichwa kinakwenda na mwenyewe.

#37 Mlinda Mlango

Mama wa Jezi, nimerudi kwa mzee leo asubuhi kuangalia ulichouliza. Mtoto amevaa gauni. Lina ukosi wa duara na mfuko mmoja mbele. Hana viatu. Kapu lina machungwa, yanaonekana juu.

Sisi wote tulikuwa tunasema "kijana wa kapu". Hata mzee mwenyewe.

#38 Mama wa Jezi

Kwa hiyo ni msichana, na pale hakupita njia. Kubeba machungwa ya mapumziko ilikuwa kazi ya kupangiwa. Mabinti wawili watatu kwa msimu, wa nyumba zinazojulikana, kwa sababu mwenye kapu anaingia katikati ya uwanja mbele ya watu. Mimi niliifanya. Mtu hasahau.

Wachezaji wale kama walikuwa na miaka ishirini na kitu, wengi watakuwa wametangulia mbele ya haki. Mtoto wa miaka minane au tisa huenda yupo. Acheni kuuliza wazee wa kamati. Nendeni kwa bibi zenu, muulize nani alikuwa akibeba kapu.

#39 Behewa la Tatu

Na huyo msichana alikuwa amesimama pembeni. Yeye aliliona behewa lote.

#40 Mlinda Mlango

Nimeuliza. Nimeanza kwa bibi yangu mzaa mama, akacheka, akataja majina matatu. Wawili wamefariki. Wa tatu anaishi kwa mwanawe Korogwe, macho hayaoni vizuri lakini anaongea. Bibi anasema aliolewa kabla ya Uhuru, jirani yake aliyekuwa amekaa pale akasema hapana, ni baada. Wakaanza.

Jumamosi nakwenda Korogwe. Mzee amekubali kuitoa picha, kwa sharti aende nayo mwenyewe, ameishika yeye.

Fundi nimempigia. Nimemwambia achape nembo na majina, chini paache wazi kwanza.

#41 Mjukuu wa Msalabani

Muulize na shule aliyosoma.

#42 Mkata Katani

Muulize kapu lilijazwa wapi. Kama ni kambini atajua.

#43 Kijukuu cha Keya

Buti. Usisahau buti.

#44 Mama wa Jezi

Muulize kwanza hali yake. Na usiende mikono mitupu, beba machungwa.